TAHADHARI: Betri "mpya" za laptopu zilizojazwa seli chakavu

Wadau, kuna muuzaji wa mtandaoni anayetangaza betri za kompyuta mpakato kwa maneno "orijino, mpya, waranti mwaka mzima". Anachotuma ni ganda jipya lililojazwa seli (vile vibetri vidogo vya ndani vinavyotunza umeme) zilizokwishachoka. Jina la duka silitaji kwa sababu halidumu: likifungwa leo, kesho picha zilezile ziko kwenye duka lingine. Mbinu yake ndiyo haibadiliki, basi naieleza hiyo.

Betri niliyoletewa ilikaa sawasawa kwenye mashine, lebo safi mpaka nembo ya kiwanda, chaji ikapanda hadi asilimia 100. Ukichomoa chaja inashuka taratibu vizuri tu, lakini ikifika asilimia 40 hivi mashine inazima ghafla, bila onyo lolote. Ukibonyeza kuwasha, kimya, mpaka uichomeke tena kwenye umeme.

Nilipolalamika nikajibiwa kwa upole mno: "Ndugu mteja, betri mpya lazima izoee. Ichaji masaa 12, iache iishe kabisa, rudia hivyo kwa wiki mbili." Mtego wote uko hapo. Maduka ya mtandaoni yana muda maalumu wa kurudisha mzigo, na hayo mazoezi yanakufikisha ng'ambo ya muda huo ukiwa bado unasubiri betri "izoee". Ushauri wenyewe ni wa enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Betri ya lithiamu haizoeshwi, na kuimaliza hadi sifuri kila mara kunaichosha zaidi. Chembe ya ukweli iliyomo ni kwamba ukibadilisha betri, kuijaza na kuiacha ishuke mara moja husaidia kipimo cha asilimia kisome vizuri. Mara moja tu. Ukipewa ratiba ya wiki nzima, fungua madai ya kurudishiwa hela siku hiyohiyo.

Ukikaza uzi anakuja na ofa ya pili: chukua nusu ya pesa, baki na betri, futa maoni yako. Hivyo ndivyo nyota zake zinavyobaki zimejaa. Na yasomeni vizuri hayo maoni mazuri. Mengi ni ya watu walioandika siku waliyopokea mzigo, "imefika haraka, inachaji safi". Siku ya kwanza hata betri iliyochakachuliwa inachaji safi.

Fundi aliifungua tukaona. Ilikuwa ya zile nene za kuchomeka kwa nje, yenye seli sita za mviringo aina ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zote zilikuwa zimevalishwa plastiki mpya ya buluu, zinapendeza kwelikweli. Lakini kwenye ncha, pembeni ya utepe wa nikeli ulioziunganisha, palikuwa na vidoti vingine vya weldi na vipande vya utepe wa zamani uliong'olewa. Seli iliyotoka kiwandani haina makovu ya namna hiyo. Hizi zilitolewa kwenye betri nyingine zilizokufa, na ile chipu inayohesabu mizunguko ya chaji ikarudishwa sifuri, kompyuta ikaamini imepata betri mpya. Tafadhali msijaribu kuifungua wenyewe nyumbani, maana seli ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto papo hapo.

Kabla hujalipa, chukua kikokotoo usome lebo iliyo kwenye picha. Volti ukizidisha kwa ampea-saa unapata wati-saa (Wh). Betri ya volti 11.1 yenye mAh 4,400 (miliampea-saa, yaani ampea-saa 4.4) ni 11.1 mara 4.4, yaani 48.84, ndiyo maana lebo za kweli za aina hiyo huandikwa Wh 48 au 49. Huyu jamaa kaandika volti 11.1, mAh 7,800, Wh 48. Piga hesabu: inakuja 86.58. Muongo hana kumbukumbu, na huyu hata kikokotoo hana. Halafu seli sita za betri ya volti 11.1 hupangwa jozi tatu, na mAh za betri nzima ni zile za jozi moja; kwa hiyo ili ifike 7,800, kila seli ingebidi ibebe mAh 3,900, wakati 18650 za kawaida hubeba kati ya 2,000 na 3,500. Mizani nayo inasaidia kidogo: seli moja ina gramu 45 hivi, kwa hiyo sita ni kama gramu 270 kabla ya ganda. Haitakuonyesha seli chakavu, ila itamuumbua aliyeweka seli pungufu.

Mzigo ukifika, ipime siku hiyohiyo. Kwenye Windows fungua dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa hapo. Linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo iliotengenezwa nao) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo ilio nao sasa ikijaa). Namba ya pili ikiwa chini sana ya ya kwanza, umepigwa. Zikilingana usishangilie bado, kwa sababu chipu yenyewe inaweza kuwa imefundishwa kudanganya. Jaza chaji, chomoa, cheza video mfululizo, na urekodi skrini kwa simu ikionyesha asilimia na saa. Ikizima kwenye 30 au 40, hiyo rekodi ndiyo ushahidi wako mbele ya duka. Maneno matupu huwa hawasikilizi.

Hela inauma, lakini kuna hatari kubwa kuliko hela. Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliwataka wateja warudishe betri milioni 4.1 zenye seli za Sony kwa sababu ya hatari ya moto, na hizo zilikuwa mpya kutoka kiwandani. Sasa fikiria seli za kuokoteza, kila moja imechoka kivyake, zimefungwa pamoja: moja inajaa mapema, nyingine bado, na chipu ya bei poa ndiyo mlinzi pekee.

Ambao betri zenu bado zinadunda, zitunzeni. Joto ndilo adui mkubwa, kwa hiyo usiiweke mashine juu ya godoro ikaziba matundu ya hewa. Kama unaitumia ikiwa kwenye umeme kutwa nzima, angalia kama programu ya mtengenezaji ina sehemu ya kuzuia chaji isipite asilimia 80, uiwashe.

Na kama tayari umenunua kwa huyu mtu, iangalie leo. Tachipadi imekuwa ngumu kubonyeza? Mfuniko wa chini umeachia, au kompyuta inayumba ikiwa juu ya meza iliyonyooka? Betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibinye wala kuichoma na chochote, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na umpelekee fundi aitoe. Usiitupe kwenye takataka za kawaida. Piga picha lebo yake kabla hujaiacha kwa fundi, utaihitaji kwenye madai.