Uzoefu Wangu: Kurekebisha Springi na Shokapu za Hiace ya Kambi Iliyonyanyuliwa, Hapa Tanga

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Hiace ya umbo lililoanza kutoka mwaka 2004, lenye kuendesha magurudumu yote manne, ambalo mimi na mume wangu tulilinunua likiwa limekwisha kugeuzwa nyumba ndogo ya safari: kitanda, kabati, jiko la gesi, tangi la maji, friji na betri yake. Mwenyewe wa kwanza alikuwa pia amelinyanyua ili lipite katika barabara mbovu, na kwa macho lilikuwa limesimama vizuri mno. Tatizo lilikuwa katika mwendo. Kila tuta lilijibiwa na mlio wa chuma upande wa mbele, kona zililifanya lilale, na basi la mkoani likitupita kati ya Segera na Muheza, upepo wake ulilisukuma hadi nikalazimika kuung'ang'ania usukani. Tathmini hii inahusu kazi iliyofanywa na gereji moja ya Ngamiani pamoja na vifaa vilivyofungwa. Gereji sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nina sifa zake na nina malalamiko pia.

Nianze na mbele, maana huko ndiko kulikoharibiwa zaidi. Hiace ya aina hii haina springi za koili mbele. Uzito hubebwa na vyuma viwili virefu, mafundi huviita tosheni baa, ambavyo hulala chini ya sakafu sambamba na chesisi na hufanya kazi kwa kujisokota kila gurudumu linapopanda. Mwishoni mwa kila chuma kuna bolti ya kurekebishia, na mtu akiikaza, gari huinuka. Ni njia isiyohitaji kununua kitu chochote, na ndiyo maana hutumiwa ovyo. Wengi huamini kwamba kuikaza bolti hiyo huifanya springi iwe ngumu zaidi, ilhali ugumu wa chuma hutokana na unene wake, urefu wake na madini yake, wala bolti haiongezi kitu hapo. Kinachobadilika ni mahali gurudumu linapoanzia safari yake ya kupanda na kushuka. Gari likiinuliwa kupita kiasi kwa njia hii, mkono wa juu wa gurudumu, yaani chuma kinacholishika gurudumu kwenye gari, husogelea raba ya kuuzuia, na nafasi ya gurudumu kushukia shimoni hupungua. Kwetu nafasi hiyo ilikuwa imekwisha kabisa. Fundi alijaribu kupitisha kidole kati ya mkono na raba, kidole kikagoma. Ule mlio wa kwenye matuta ulikuwa ni mkono ukigonga kizuizi chake kila gurudumu lilipodondoka upande wa pili wa tuta. Kwa kuwa gari huendeshwa hata na magurudumu ya mbele, shafti za kuyazungusha nazo zilikuwa zimepinda kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa, na buti moja, yaani mfuniko wa mpira wa kiungo cha shafti, lilikuwa limekwisha kupasuka na kutapika grisi.

Fundi alipendekeza kuishusha mbele sentimita moja na nusu. Mume wangu hakulipenda jambo hilo hata kidogo, kwani aliona tunalipa fedha ili kuondolewa kitu tulichokwisha kukilipia. Baada ya kushushwa, vidole viwili vilipita kati ya mkono na raba, na mlio ukakoma siku hiyo hiyo, kabla hata shokapu mpya, zile bomba za mafuta zinazotuliza mchezo wa springi, hazijafungwa. Kama ningekuwa na fedha za jambo moja tu, ningefanya hilo.

Kabla ya kugusa nyuma, fundi alikataa kuagiza springi yoyote. Maneno yake yalikuwa haya: "Mama, springi hununuliwa kwa kilo. Nenda kapime gari kwanza, ujaze maji, gesi, vyombo, na nyinyi wenyewe mkae ndani." Tulikwenda kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye mzani wa malori, tukapima gari zima, kisha ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, na mwisho tukapitisha magurudumu ya upande mmoja tu juu ya mzani. Jumla ilikuwa kilo 2,640, mbele 1,220 na nyuma 1,420. Lililotushangaza ni upande wa kushoto kuwa na kilo 1,380 na wa kulia 1,260, tofauti ya kilo 120. Sababu ilikuwa dhahiri tulipoitazama ramani ya ndani: tangi la lita 60, ambalo likijaa ni kilo 60 za maji, betri ya asidi yenye karibu kilo 30, friji na kabati la vyombo, vyote vilipangwa kushoto ili upande wa mlango ubaki wazi. Ndiyo kusema gari lilikuwa likilala kona za kulia kwa sababu ya seremala kabla ya kuwa kwa sababu ya springi. Tulihamishia betri kulia, chini ya kiti, na tangi tukalisogeza katikati mbele ya ekseli ya nyuma, likiwa chini kadiri sakafu ilivyoruhusu. Kazi hiyo ilifanywa na seremala wa Chumbageni, na katika mambo yote ndiyo iliyotugharimu kidogo zaidi.

Nyuma, Hiace hubebwa na springi za vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Aliyelinyanyua alikuwa ameweka matofali ya chuma ya sentimita tano kati ya springi na ekseli, kisha akafunga yu-bolti ndefu, yaani bolti za umbo la herufi U zinazoibana springi kwenye ekseli. Tofali huinua gari bila kuongeza uwezo wa kubeba hata kilo moja, na springi za kiwanda zilizochoka, zikiwa na mzigo wa kudumu wa nyumba nzima juu yake, zilikuwa zimelala karibu bapa. Tena tofali huifanya ekseli ipate mkono mrefu wa kuipindia springi wakati wa kuondoka kwa nguvu au kufunga breki. Tulikuwa tukihisi mtikisiko huo kila tulipopandisha mlima, tukidhani ni klachi. Matofali yaliondolewa. Mahali pake pakafungwa springi mpya zilizokunjwa na kuongezwa vipande kufuata uzito uliopimwa, na nyuma ikasimama sentimita nne juu ya urefu wa kiwanda ikiwa na mzigo wote, yaani chini kidogo ya ilivyokuwa, jambo ambalo macho hayaligundui.

Jambo la breki linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu sijaona mtu akilizungumza na linahusu uhai. Chini ya gari letu, karibu na ekseli ya nyuma, ipo valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukiwa mwingi, bodi hushuka, fimbo husogea, na valvu huruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Gari likiwa tupu, bodi huwa juu, na valvu hupunguza nguvu ya nyuma ili magurudumu yasikwame na kuteleza. Valvu haina macho. Inajua umbali tu. Gari likiinuliwa na fimbo ikaachwa kama ilivyokuwa, valvu huamini kwamba halikubeba kitu siku zote, na breki za mbele hubaki kubeba kazi karibu yote. Sisi tulikuwa tumezoea harufu ya breki kila tuliposhuka kutoka Amani kuelekea Sigi na Kisiwani, tukiilaumu milima ya Usambara. Fundi alitengeneza kipande cha chuma cha kurefushia mshikio wa fimbo ili irudi kwenye pembe yake, akarekebisha, kisha akajaribu breki katika uwanja wa changarawe gari likiwa na mzigo na likiwa halina. Mwenye gari la namna hii lililonyanyuliwa na ainame alitazame hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Shokapu zilimeza zaidi ya nusu ya fedha zote. Zilizokuwepo zilikuwa za urefu wa kiwanda, kwa hiyo nyuma gurudumu liliposhuka, shokapu ndiyo iliyolizuia, na moja ilikuwa imekwisha kung'oa raba yake ya juu. Tulifunga shokapu za kampuni ya Bilstein, za bomba moja zenye gesi, zilizochaguliwa baada ya fundi kupima urefu gurudumu likining'inia na urefu bodi ikiwa imekandamizwa hadi kwenye raba za chini. Faida ya bomba moja ni kupoa: mafuta yako karibu na ukuta wa nje unaopigwa na upepo, na gesi imetengwa na mafuta kwa pistoni, hivyo hayatoki povu barabara inapokuwa ya mawimbi madogo madogo kwa mwendo mrefu. Hilo tulilithibitisha katika vipande vya vumbi vya upande wa Pangani, hasa ukishavuka kivuko kwenda Bweni na kushika njia ya Ushongo, ambako zamani baada ya nusu saa gari lilianza kuelea kama ngalawa. Sasa mwisho wa njia ni sawa na mwanzo wake. Hasara ni kwamba bomba la namna hiyo likipata mbonyeo kwa kupigwa na jiwe, pistoni hukwama, na mawe ya matumbawe ya pwani yetu hayana huruma. Tumefunga kinga za bati kwa zile za nyuma.

Kuhusu ufungaji, lipo jambo moja lililonifanya nimwamini fundi huyu. Bolti zinazopita katikati ya bushi, vile viungo vya mpira vya springi na shokapu, hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha, akataka tangi lijazwe na vitu virudishwe ndani, akalisukuma mbele na nyuma ili litulie, ndipo akaingia chini na kukaza. Bushi ikikazwa gurudumu likining'inia, mpira hubaki umesokotwa maisha yake yote na hupasuka mapema. Yu-bolti za zamani hazikurudishwa, na alitutaka turudi zikazwe upya baada ya kilomita 500. Tuliporudi, mbili zilikubali kugeuka.

Malalamiko sasa. Kazi tuliyoahidiwa kumalizika katika juma moja ilivuka mwezi, kwani vifaa vilisubiriwa kutoka Dar es Salaam na hakuna aliyetupigia simu kutueleza. Wili alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, haikuwa ndani ya bei, wala hatukuambiwa hivyo hadi siku ya kuchukua gari. Ilibidi tupeleke kwingine, na haikuwa jambo la kuachwa, maana ukigusa tosheni baa pembe za magurudumu hubadilika na tairi huanza kulika upande mmoja. Risiti niliidai mara kadhaa kabla ya kuipata.

Mwendo wenyewe umebadilika kwa kiasi ambacho mume wangu amekiri bila kulazimishwa. Kona za Mombo kwenda Lushoto gari hulala kidogo na kwa utaratibu, bila ule mtupo wa pili ulioangusha sufuria. Upepo wa mabasi bado unasikika, kwa kuwa ubavu wa gari refu ni tanga na hakuna springi inayoweza kuuondoa, ila usukani haunyang'anywi tena mikononi. Gari likiwa tupu, nyuma ni ngumu na hurusha abiria kwenye matuta ya mjini. Tumejifunza kuacha tangi likiwa na maji nusu, na kupunguza presha ya tairi za nyuma kidogo kwa safari za sokoni. Mama mkwe bado anahitaji kibago ili apande.

Kwenye gati la Pangani maji yakiwa yamekupwa na ngazi ya kivuko ikiwa na mteremko mkali, ndoano ya kuvutia iliyo nyuma bado hukwangua zege, kwa sababu sehemu ya gari inayobaki nyuma ya ekseli ni ndefu na sentimita nne haziitoshi. Fundi ameshauri ndoano ikatwe na ifungwe juu zaidi, na hiyo ndiyo kazi itakayofuata, safari hii kwa bei iliyoandikwa kwanza.