Vidonge vya methotreksati kwa soriasisi: maoni ya mtumiaji

Mimi na baba yangu mdogo sote tuna soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye magamba, kwenye viwiko na kichwani. Daktari alinieleza kuhusu jeni iitwayo HLA-C, iliyo kwenye kromosomu ya 6. Aina yake moja, HLA-Cw6, huonekana sana kwa walioanza kuugua wakiwa vijana. Wengi wanayo na hawaugui kamwe, kwa hiyo mtu asiambiwe amerogwa wala ana ugonjwa wa kuambukiza.

Dawa yenyewe ni vidonge vidogo vya manjano vya miligramu 2.5. Mimi humeza sita kwa mpigo, Jumamosi usiku, basi hadi wiki ijayo. Huzuia vimeng'enya ambavyo seli huvihitaji kutumia foliki (aina ya vitamini B), na hutuliza kinga ya mwili inayoishambulia ngozi. Ndiyo maana siku nyingine napewa asidi ya foliki.

Matokeo nayapenda mno. Haikuwa haraka, ilichukua miezi. Magamba ya viwiko yamelainika, na shati jeusi navaa bila kukung'uta mabega kila saa. Jumapili asubuhi kichefuchefu kipo, uji mwepesi husaidia.

Nalalamikia duka niliponunua mara ya kwanza: bahasha iliandikwa “1x1 kila siku”. Jamani, methotreksati ikimezwa kila siku inaweza kuua! Soma cheti chako mwenyewe. Pima damu na ini kama ulivyopangiwa, pombe weka kando, na mjamzito asiiguse kabisa.

Bei naimudu. Nyota nne kati ya tano.