Kijitabu cha tafakari za kanisa la kwanza: nunueni, ila siku ya Safira isomeni na Biblia mkononi

Nilikinunua kwa shilingi 12,000 kwenye meza ya vitabu nje ya kanisa moja hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kwa ajili ya kikundi chetu cha akina mama wa sokoni. Tunasoma kwa Kiswahili kwa sababu mmoja ni Msamia, mwingine Mteso, mwingine katoka Bukavu. Tafakari ni 40, nyingi zikitoka Matendo ya Mitume, zote juu ya imani na utii.

Ile ya Anania wa Dameski, aliyetumwa na Bwana akamponye macho Sauli (ndiye Paulo wa baadaye), peke yake inalipa bei. Mwandishi hakumgeuza Anania kuwa malaika. Anatukumbusha kwamba alibisha kwanza: Bwana, huyu Sauli habari zake nimezisikia, amewatesa watu wako Yerusalemu, na hapa amekuja na ruhusa ya makuhani atufunge. Kisha akaondoka, akaenda. Kijitabu hakikimbilii muujiza. Kinatembea na Anania hadi njia iitwayo Nyofu, hadi nyumba ya Yuda, ambako Sauli amekaa siku tatu haoni, hali wala hanywi, na kinatuuliza mkono wa Anania ulikuwaje alipounyoosha kumgusa. Jioni hiyo mama anayeuza mukene (dagaa) alikaa kimya, halafu akasema, "Sasa dada zangu, yule aliyenichongea kwa watu wa ushuru, na mimi niende nimwekee mikono?" Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Giza lilitukuta bado tuko Dameski.

Anania yule mwingine, mume wa Safira, ambaye pamoja na mkewe aliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakasema uongo na kuanguka wakafa, ndiye aliyeniudhi. Yaani hakuniudhi yeye, ni mwandishi. Matendo 5 iko wazi: Petro anamwambia kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Kosa lilikuwa kudanganya. Kijitabu kinaliruka hilo na kuingia kwenye zaka na ahadi za ujenzi, eti anayechelewesha anacheza na moto. Sisi tuliowahi kuitwa mbele na bahasha tunaujua wimbo huo. Ajabu ni kwamba katika sura hiyohiyo Petro anaambia baraza la Wayahudi kuwa imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, na mstari huo umepewa aya moja tu, ya haraka haraka.

Mwishoni kuna mashahidi wa baadaye, yaani waliouawa kwa ajili ya imani. Polikarpo wa Smirna, mzee aliyesema amemtumikia Kristo miaka 86, ameandikwa vizuri sana. Perpetua na Felisita waliouawa Kartago mwaka 203 wamo pia, lakini msomaji haambiwi kwamba Kartago iko Afrika hii hii, Tunisia ya leo. Wasomaji wetu kila mwaka wanaona mahujaji kutoka Kenya wakivuka mpaka kwa miguu kwenda Namugongo, ambako vijana wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa kwa ajili ya imani yao tarehe 3 Juni 1886. Sentensi moja tu ingetosha kuwaunganisha.

Maandishi ni madogo, mama wa miwani analalamika. Gundi nayo ni mbovu: kwa joto la hapa kurasa za katikati zimeanza kutoka, ikabidi nimpe fundi viatu anishonee kwa shilingi 2,000. Mkikinunua, kipitisheni kwa fundi kabla hamjaanza kukifungua fungua.