Lubumbashi: kipi ule, ule wapi, na sahani gani nimerudia

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sina simu wala spika hapa mezani, leo nachambua msosi. Mmeniandikia sana kwenye komenti, "kaka kila mara uko Kongo, huko unakula nini?", basi leo najibu, ila najibu kwa Lubumbashi tu maana ndiko nilikokaa nikala, nimeshaenda mara nne na mzigo wa mchele kutoka Mbeya, kwa barabara, unatoka Tunduma unaikatiza Zambia mpaka Kasumbalesa, pale ukishagonga muhuri zimebaki kama kilomita 90 na kitu uko mjini. Kinshasa ni habari nyingine kabisa, ni mbali mno na jiko lao ni tofauti, kule kuna samaki wa mtoni wanamfunga kwenye majani anaiva humo humo wanaita liboke, lakini sijakaa mezani kwao kwa hiyo siwachambulii kitu ambacho sijakula.

Tuanze na lugha kwanza maana ndo itakayokulisha. Lubumbashi wanaongea Kiswahili, tena mtaani ndo lugha yenyewe, ila usiagize ugali, ugali kule ni bukari. Kisamvu ni sombe. Maji ni mayi. Ukifika mlangoni mama atakwambia "ikala, papa", maana yake kaa chini, na papa ndo wanavyomwita mwanaume yeyote kwa heshima, hata kijana. Wewe mwite mama, sema aksanti, usianze kumsahihisha mtu Kiswahili chake, hicho ni Kiswahili cha kwao na wamekua nacho. Nikasema "mama, naomba bukari na sombe", basi, nikawa nyumbani.

Sasa wapi. Mimi nawaambia ukweli, hoteli kubwa zipo, utapata kuku na chipsi na pasta, na ukiwa na mkutano utakula huko huko huna namna. Lakini kama umekwenda Lubumbashi ukaishia kwenye chipsi hujaila Lubumbashi. Nenda kwa mama wanaopikia karibu na masoko, kuna eneo la mji linaitwa Kenya, ndiyo, Kenya, jina moja na nchi, lina soko lake kubwa, zungukia kule kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane. Muda ni muhimu sana hapo. Mama wa namna hii anapika mara moja, sufuria ikiisha imeisha, kwa hiyo ukienda saa sita unakuta chakula kinatoka motoni, ukienda saa kumi unakula kilichobaki. Mimi naangalia foleni ya mafundi na madereva, wale hawana muda wa kupoteza na hela zao wanazijua, walipojaa wao ndo naingia.

Bukari yenyewe. Inakuja imefungwa kwenye nailoni, tonge kubwa la mviringo kama mpira, wanaifunga hivyo ili isipoe na isikauke juu. Unanawa, kuna mtu anakumiminia maji, unafungua ile nailoni mvuke unakupiga usoni. Ukiigusa utajua hapo hapo si sembe tupu, wengi wanachanganya unga wa mahindi na wa muhogo, ndo maana inavutika kidogo na inateleza, ukiibonyeza inarudi. Mtu wa Mbeya kama mimi nimezoea ugali mkavu unaosimama, siku ya kwanza vidole vilihangaika, siku ya tatu nikawa naitaka hiyo hiyo. Kwa sombe ndo inakaa vizuri zaidi, maana sombe yao haina nazi kama ya Pwani, wanaweka mawese, yale mafuta mekundu ya mchikichi, na mara nyingine karanga au samaki mkavu humo ndani. Majani yanatwangwa mpaka yanakuwa laini kabisa halafu yanachemka muda mrefu sana, na hilo si mapishi ya kujivuta, majani ya muhogo yana sumu yasipotwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Sombe iliyoiva sawasawa utaiona ina rangi ya kijani iliyokolea na mafuta mekundu yamejitenga pembeni mwa sahani. Ikiwa bado inang'aa kijani kibichi na inakwaruza ulimini, iache.

Samaki wapo wa aina nyingi, kuna perege anayetoka upande wa ziwa Mweru na mto Luapula, huyo muulizie kwanza kama yupo. Kuna Thomson, huyo ni samaki wa baharini anakuja kwenye barafu kutoka nje, ndo wa bei nafuu na ndo utakayemkuta kila kona, anakaangwa anawekewa vitunguu, ni mzuri tu sina neno naye, lakini kama umesafiri siku tatu barabarani mtafute wa ziwani. Makayabo ni samaki wa chumvi, mimi chumvi ile imenishinda.

Haya, sasa sahani niliyorudia. Uyoga. Jamani, kama unaweza kuchagua mwezi wa kwenda, nenda wakati wa mvua, kati ya Desemba na Machi hivi. Lubumbashi imezungukwa na miombo, ile ile miombo ya Tabora na Katavi, na mvua ikishika watu wanatoka msituni asubuhi na ndoo na mabeseni ya uyoga wanapanga kando ya barabara. Kuna wa njano wadogo, wa rangi ya chungwa, na kuna ule unaoota kwenye vichuguu vya mchwa, huo kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja, nimemuona mtoto kajifunika nao mvua kama mwavuli. Nilipewa umepikwa na karanga za kusaga na nyanya tu, hamna kingine. Unauma unahisi kama nyama ya kuku lakini una harufu ya udongo uliolowa, ule mchuzi mzito wa karanga unashika bukari, nikamwambia mama niongezee, akaniongezea, nikarudi kesho yake na keshokutwa. Watu wa Tabora mnanielewa. Ila tahadhari moja, usiokote mwenyewe wala usinunue mbichi ukapike gesti kama hujui, uyoga wa sumu unaua, kula uliopikwa na mtu anayeujua msitu wake.

Sasa hiki nataka nikae nacho kidogo. Sokoni utakuta kitu kimekatwa vipande kama keki, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, wanakiita kikanda, Zambia wanaita chikanda. Ukikiangalia unaweza kudhani soseji kubwa, na ukikila unaweza kuapa kuna nyama, lakini hamna nyama hata chembe. Ni viazi vya okidi, yale maua ya porini, vinakaushwa vinatwangwa unga, unachanganywa na karanga za unga, pilipili, chumvi na magadi, vinapikwa mpaka vinashikana. Kwa ladha nakipa nane kwa kumi, ni laini, kina ukali kidogo, unakula kipande kimoja unataka cha pili. Lakini ngoja niwaambie kitu kinachoniuma kama mtu wa Nyanda za Juu Kusini. Ukichimba kile kiazi mmea wenyewe umekufa, hauoti tena. Na sehemu kubwa ya viazi vinavyoliwa Zambia vimekuwa vikichimbwa kwetu, Makete, Njombe, Sumbawanga huko, vinapita Tunduma kwa magunia. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa 2005 na moja ya sababu ni kulinda hayo maua. Mimi nimekwenda Kitulo mwezi wa pili, nimeona bonde lote limechanua, na siku nimekaa Lubumbashi na kile kipande mkononi nikakumbuka lile bonde. Kwa hiyo nimekila mara moja, nimewaambia ladha yake, na sijakiongeza. Na tafadhali usibebe vile viazi kuvuka navyo mpaka bila kibali, okidi zote ziko kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama pori.

Jioni nenda Kamalondo, ndo eneo lenye uwanja wa TP Mazembe, siku ya mechi pamechangamka balaa. Pale kitu ni michopo, mbuzi wa kuchoma, unachagua nyama inachomwa unaiona, inakatwakatwa inawekwa kwenye karatasi na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili. Ile pilipili onja kwa ncha ya kidole kwanza, si ya kumwagia. Bia mimi sinywi, wanaokunywa wanaisifia Simba, inatengenezwa pale pale mjini. Mimi nakunywa munkoyo, ni ya mahindi na mizizi fulani ya porini, ile mizizi ndo inauyeyusha uji unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari, ikikaa siku inaanza uchachu. Ipo nzuri sana, ila nunua kwa mtu aliyeelekezwa na mwenyeji, maana suala zima ni maji yaliyotumika.

Na maji niseme wazi, kipindupindu Katanga si kitu kigeni. Safari yangu ya pili nilikula kachumbari sehemu moja karibu na stendi, sitaitaja, mboga zilikuwa zimekaa tangu asubuhi, nikalala siku mbili na mzigo wangu uko kwenye gari haujashushwa, nikapoteza mteja. Tangu siku hiyo nakula kilicho moto, maji ya chupa iliyofungwa, tunda namenya mwenyewe.

Hela. Franka na dola zote zinatumika, lakini dola yako iwe safi, ikiwa na mchaniko hata wa milimita kwenye ukingo wataikataa mbele yako, nimerudishiwa noti ya 20 hivi hivi. Kwa mama wa sokoni toa franka ndogo ndogo, usimpe mtu noti kubwa saa sita mchana akaanza kuhangaika na chenji watu wamejipanga.

Halafu hiki hapa, ngoja nikisogeze kwenye kamera muone. Hawa ni viwavi, wamekaushwa, ndo nilichorudi nacho safari hii. Msishtuke, angalieni vizuri, wameshatolewa uchafu wa ndani, ni wepesi, ukitikisa mfuko wanalia kama karanga kavu. Kule nimewala wamekaangwa na kitunguu na nyanya, nje wanakatika kwa mlio, ndani ladha iko kati ya dagaa na uyoga mkavu. Mama aliyeniuzia kaniambia niwaloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, nimwage yale maji, ndo niwachemshe kidogo na chumvi kabla ya mafuta. Mke wangu kashabandika maji, wanangu wawili wamekaa mlangoni wanachungulia, mdogo ndo ameomba aonje wa kwanza.