Ukulele kwa mtu ambaye hajawahi kushika hata gitaa: uzoefu wangu

Mimi sio mwanamuziki, niliweke hilo wazi kabisa. Naimba alto kwaya ya kanisani hapa Dar, solfa nasoma vizuri tu, lakini ala yoyote ya nyuzi au ya vibonyezo nilikuwa naiangalia kwa mbali, hata kayamba kwetu lina wenyewe. Sasa tangu nianze kutembea na ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, kwenye daladala kila mtu ananiuliza, wengine wanadhani nimembebea mtoto gitaa lake, kwa hiyo naandika yote hapa, mazuri na mabaya, mwenye hela yake anunue akijua anachonunua.

Nilichukua saizi ya konseti, ile ya inchi 23. Zipo nne za kawaida: soprano ya inchi 21, konseti 23, tenori 26 na baritoni 30. Tatu za kwanza zinatyuniwa, yani nyuzi zinakazwa zifikie noti zake, sawasawa, G C E A, baritoni ndo iko kivyake, ni D G B E kama zile nyuzi nne nyembamba za gitaa, kwa hiyo ukinunua baritoni halafu ukafungua video za wanaoanza utachanganyikiwa mpaka uione dunia chungu. Muuza duka Kariakoo alikuwa ananisukumia soprano kwa sababu ni ya bei nafuu na "ndo wanayoanzia wote dada", ila nilipoishika vidole vikawa vinagombania nafasi, freti, vile vyuma vilivyokata shingo, zimebanana mno. Konseti inapumua kidogo. Tulibishana bei mpaka ikafika laki moja na ishirini, pamoja na mfuko mwembamba wa kitambaa, kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye freti moja), na vipiki vya plastiki vya kucharazia ambavyo mpaka leo sijavitumia maana ukulele inapigwa kwa vidole, kucha ya kidole cha shahada inatosha kabisa.

Jina la kampuni silitaji maana huko chini nitaisema, na nimeshaona za majina mengine bei hiyohiyo zina tatizo lilelile.

Bodi yake ni plaiwudi, sio mbao nzima. Wajuzi wa mitandaoni wataikandia sana plaiwudi, oh sauti haina kina, oh haikui na umri, sawa, lakini hao wengi wanaishi kwenye nyumba za baridi. Kwa joto na unyevu wa huku pwani mimi nasema plaiwudi kwa anayeanza ni jambo jema, haipasuki wala kupinda kirahisi. Cha kuogopa ni gari. Usiiache kwenye gari lililopaki juani, gundi inayoshika lile daraja la chini, kipande nyuzi zinapofungwa, inalegea na siku moja utasikia paa, nyuzi zote zimeondoka na kipande cha mbao.

Haya, nyuzi. Siku za mwanzo utaapa umeuziwa kanyaboya. Unatyuni, unapiga kidogo, imeshashuka. Unatyuni tena, unaenda kunywa maji ukirudi imeshuka. Hiyo sio mbovu jamani, nyuzi za nailoni zikiwa mpya zinavutika, zinaendelea kunyooka mpaka zitulie. Unachofanya unashika uzi mmoja mmoja katikati unauvuta taratibu kuuondoa kwenye bodi, usiuvute kama unamkomoa mtu, halafu unatyuni tena, na siku zote unapanda kuja kwenye noti kutoka chini, ukipitiliza shusha kabisa kisha panda tena. Baada ya muda zitakaa. Apu za kutyuni zipo za bure, GuitarTuna mfano ina sehemu ya ukulele, unachagua tu.

Lakini mwanakwaya mwenzangu wewe apu utaiacha mapema, na hapa ndo nilipoipendea hii kitu. Zile nyuzi nne, ukihesabu kuanzia ile iliyo karibu na uso wako, ukisema dooh ni C basi zenyewe ni so, dooh, mi, la. Basi. So-dooh-mi-la. Sisi tuliokulia kwenye solfa hiyo tunaiimba hata usingizini, kwa hiyo nikipata C moja tu kutoka kwenye kinanda au simu, zile nyingine tatu nazipata kwa sikio. Hakuna video hata moja iliyoniambia hivyo, wote wanaimba wimbo wao wa Kiingereza wa kutyunia, ule wa mbwa ana viroboto. Na angalia kitu kingine, ule uzi wa kwanza wa so hauko chini ya dooh, uko juu yake, yani uzi wa pili ndo mzito kuliko wote. Aliyetoka kwenye gitaa hapo anavurugika kabisa, sisi tusiojua gitaa tunaona sawa tu. Ndo maana sauti yake inakuwa ile ya kuchangamka haina uzito, noti ya chini kabisa ni C ya katikati ya kinanda. Ukitaka chini zaidi kuna nyuzi zinauzwa za G ya chini, unabadilisha uzi mmoja tu.

Sasa tuje kwenye maumivu. Kodi, yani noti kadhaa zinazolia pamoja, ya kwanza wanayokufundisha ni C, kidole kimoja tu, cha pete, freti ya tatu uzi wa A, ule ulio karibu na sakafu. Am (A maina) nayo kidole kimoja, cha kati, freti ya pili uzi wa G, ule ulio karibu na uso. Ukiwa kwenye Am ukiongeza cha shahada freti ya kwanza uzi wa E umepata F. Rahisi kweli, siku hiyohiyo unajiona msanii. Ila F yangu ilikuwa inalia vibaya. C safi, Am safi, F inakwaruza sikio. Nyuzi nimetyuni mpaka apu inanipa kijani zote nne, napiga F, kama mtu wa soprano amepanda nusu hatua peke yake. Video zote zinasema mazoezi, mazoezi, mkono wako bado mchanga. Mie sikio langu la alto likawa linakataa, maana miaka yote hii kazi yangu ni kusikia nani katoka kwenye sauti.

Nikafanya kitu kimoja ambacho nawashauri wote mfanye HAPO DUKANI kabla hujatoa hela. Tyuni vizuri, kisha bonyeza uzi wa E freti ya kwanza upige huku apu imewashwa. Inatakiwa isome F. Ya kwangu ilisoma F iliyopanda sana, mshale uko kulia huko. Freti za karibu na kichwa zote hivyo, lakini ukienda freti ya 12 inasoma karibu sawa. Maana yake nini, kile kipande cheupe kule juu karibu na kichwa, kile chenye mifereji nyuzi zinapopita, mifereji yake haikuchimbwa vya kutosha. Nyuzi zinakaa juu mno, ukibonyeza freti ya kwanza unakuwa unauvuta uzi mpaka unapanda sauti. Kuna kipimo kingine hakihitaji hata apu: bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu halafu chungulia pale freti ya kwanza, nafasi kati ya uzi na kile chuma iwe kiduchu, upana wa unywele hivi. Ya kwangu ungepitisha kadi ya ATM.

Nilirudi dukani, kijana akaniambia "anti hii ni mpya kabisa, ni wewe kuizoea". Sikubishana naye. Nikampelekea mzee mmoja fundi wa magitaa niliyeelekezwa na mpiga besi wetu. Shikamoo, marahaba, akaipokea akaipindua, hakupiga hata kodi, alibonyeza uzi mmoja tu akacheka. "Mwanangu, hizi zote huwa zinakuja hivi. Kiwandani wanaacha juu makusudi, wakichimba sana ikalia zzz imeharibika, wakiacha juu mteja atalalamika vidole." Akalegeza nyuzi, akatoa tupa nyembamba sana akaanza kuchimba mfereji mmoja mmoja, anachimba kidogo, anarudisha uzi, anapima, anachimba tena, hana haraka kabisa. Alinichaji elfu kumi na tano. Na nyuzi nilimpa nyingine nilizoagiza, za Aquila zile nyeupe za Italia, akaziweka hapohapo.

Nyie. Ilikuwa ala nyingine. F ikalia F. Na sio sauti tu, vidole pia viliacha kuuma vile, maana uzi ukiwa chini hauhitaji kubonyeza kama unafinya nguo. Yani yale maumivu yote wanayosema ndo ada ya mwanafunzi, nusu yake ilikuwa ni kile kipande cheupe. Kwa hiyo bajeti yako usiimalize dukani, weka ya fundi na ya nyuzi pembeni, ukulele ya laki iliyorekebishwa itakufaa kuliko ya laki na nusu yenye maua yamechorwa kwenye bodi.

Wadada wenzangu, kucha. Mkono wa kushoto lazima zikatwe mpaka nyama, hakuna namna, ukiwa na kucha ncha ya kidole haigusi uzi. Za kubandika ndo usifikirie. Mkono wa kulia unaweza kufuga, na ile ya shahada ikiwa ndefu kidogo inatoa sauti nzuri zaidi wakati wa kucharaza. Nimetembea hivyo mkono mmoja umependeza mwingine kama wa fundi rangi, nimezoea, kwenye harusi ya binamu yangu ndo nilisemwa kidogo.

Kucharaza kwenyewe ni kifundo cha mkono, sio kiwiko, na unapiga pale shingo inapokutana na bodi, sio juu ya tundu kama gitaa. Mkono uendelee kushuka na kupanda hata pale usipogusa nyuzi, hapo ndo siri ya mdundo ilipo, ukisimamisha mkono ili utafute kodi umepotea. Nilikuwa nafanya na nyuzi zimezibwa kabisa kwa kiganja, chaka chaka chaka, mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama napalilia.

Masomo: nilijiunga na apu moja ya kulipia kwa mwezi, siitaji, inakupa maksi na nyota kama gemu. Inakusukuma kweli kufanya kila siku, lakini nyimbo zake zote za huko kwao, na bando inakula ile mbaya. Nikaacha. Nikachukua mapambio yetu yale ya kodi tatu, ya 1, 4 na 5, yani za dooh, fa na so, ambazo kwenye C ni C, F na G7, nikawa naimba na kucharaza. Hapo ndo nilikwenda kasi, kwa sababu wimbo naujua tayari na sikio linaniambia lini kodi ibadilike, sihitaji karatasi. G7 ni vidole vitatu lakini inaingia yenyewe, G ya kawaida itakusumbua zaidi kidogo. Ukweli ni kwamba ukiwa na C, F, G7 na Am umeshashika nyimbo nyingi mno za kanisani na za shule.

Tatizo ni mwalimu wa kwaya akisema dooh ni E. Kodi ya E kwenye ukulele ni adhabu, vidole vitatu vinabanana freti ya nne na kimoja kiko ya pili, sijawahi kuipiga ikalia yote. Bb nayo (hiyo b ndogo ni kushusha nusu hatua) kidole cha shahada kinalala kwenye nyuzi. Hapo ndo ile kapo iliyokuja bure inafaa: dooh ikiwa Eb weka kapo freti ya tatu piga kama uko C, ikiwa E weka ya pili piga kama uko D, ikiwa Ab weka ya kwanza piga kama uko G. Mpiga kinanda wetu ananicheka, anabonyeza kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha sauti zote, yeye hivyohivyo, sijui ananicheka nini.

Mabaya mengine: sauti ni ndogo. Kuongoza kwaya nzima bila maiki sahau, kinanda kikiingia huisikii. Inafaa chumbani, kwenye jumuiya, mazoezi ya watu wachache, safarini. Na mfuko waliotoa ni wa kuzuia vumbi tu, mvua hapana. Kwa upande mwingine udogo huo ndo umenifanya niweze kufanya mazoezi usiku kwenye nyumba ya kupanga bila kugombana na mtu, gitaa lingeshanifukuzisha.

Kuna waliosema mbona unajifunza ala ya watalii wa Hawaii. Wareno wa kisiwa cha Madeira ndo walifika Honolulu mwaka 1879, na meli ya Ravenscrag, wakaenda kulima miwa, na vigitaa vyao vidogo vya nyuzi nne ndo vikazaa ukulele. Vibarua wa shamba hao. Mimi sioni cha kuona aibu.

Nyota ningetoa nne kwa ala baada ya fundi, mbili kabla ya fundi, na duka moja kwa ile "ni wewe kuizoea". Kama unamnunulia mtoto wa miaka sita au saba chukua soprano, mkono wake utaitosha, lakini vitu viwili visikupite: iwe na skrubu za kukazia nyuzi zenye meno kama za gitaa, zile za kuzungusha tu kigingi zinateleza na mtoto atakata tamaa, na kile kipimo cha freti ya kwanza kifanye mbele ya muuzaji, akinuna mwache anune.