Chanjo ya pepopunda kwa wajawazito: vituo viwili vya Mombasa, huduma mbili tofauti

Nilianza kliniki ujauzito ukiwa na miezi minne, katika zahanati ya mtaani kwetu Mombasa, na sindano ya kwanza ya pepopunda nilidungwa hata kabla sijakaa vizuri kitini. Muuguzi alidunga, akaandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto, akamwita mwingine. Nilipouliza kama dawa ile haimdhuru mtoto aliye tumboni, alinijibu kwamba wajawazito wote wanadungwa. Ni kweli, lakini hilo halimtoshi mtu ambaye mama mkwe wake bado anakumbuka mwaka 2014, pale maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walipodai kuwa chanjo hiyo ilitiwa homoni ya ujauzito iitwayo hCG ili kuwafunga wanawake kizazi. Serikali ilikanusha, WHO na UNICEF pia, lakini hofu ilibaki majumbani.

Sindano ya pili, wiki 4 baadaye, niliifuata kituo kingine cha afya, na mama mkwe akanisindikiza. Sista wa chumba cha chanjo aliitoa chupa kwenye kisanduku cha baridi na kutuonyesha alama iliyo kwenye lebo: mraba mdogo ndani ya duara, mraba ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka. Alieleza kuwa chanjo ikipigwa na joto mraba huzidi kukolea, na ukishalingana rangi na duara chupa hiyo haitumiki tena. Mama mkwe alivaa miwani yake akainama kuutazama. Bomba la sindano nalo lilifunguliwa mbele yetu, la aina inayojifunga likishatumika mara moja.

Maswali yetu aliyajibu akiwa ameketi, bila haraka. Alisema chanjo hii ya pepopunda, iitwayo Td, haina kimelea hai, bali sumu ya bakteria iliyoondolewa makali, hivyo haiwezi kumwambukiza mama wala mtoto. Zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela, ndizo ambazo mjamzito husubiri hadi ajifungue. Kinga ya mama hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, ambaye bila hiyo anaweza kupata pepopunda kwa kitovu kukatwa na wembe mchafu au kupakwa majivu, akashindwa kunyonya, akakakamaa na kufa angali mchanga. Kuhusu hCG, alitukumbusha kuwa ni homoni ambayo mimba yenyewe huitengeneza, ndiyo inayoonekana katika kipimo cha mkojo, na kwamba dozi 5 zinazopishana kwa miezi na miaka ni ratiba ya kawaida ya chanjo hii, si mpango wa siri wa Kenya. Hakuficha kuwa mkono ungeuma, na kweli uliniuma siku mbili.

Kasoro zipo. Tulifika saa mbili asubuhi tukahudumiwa saa tano, na mabenchi hayakutosha, wajawazito wakasimama. Tena, maelezo haya yote yalimtegemea sista mmoja. Ukutani hapakuwa na hata bango la kumsaidia atakayemkosa. Hata hivyo dozi ya tatu, iliyoandikwa kijitabuni kuwa ni baada ya miezi 6, nitaifuata huko huko, ingawa ni matatu mbili kutoka nyumbani. Anayekwenda aombe kuonyeshwa chupa kabla ya kudungwa. Sisi tuliomba, na hatukukaripiwa.