Simu ipi ununue Mtwara na Lindi kama umechoshwa na programu zinazokula chaji na kudai ruhusa

Msimu wa korosho ukishika kasi, kati ya Oktoba na Januari, wakulima wakishalipwa, maduka ya simu ya Mtwara mjini, Masasi na Newala hujaa wateja. Swali linalosikika zaidi kaunta ni lile lile: "Hii betri yake ngapi?" Muuzaji anajibu elfu tano, mteja anaridhika, hela inatoka. Lakini siku hizi karibu kila simu janja ya bei ya kawaida ina betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na bado moja inamaliza siku mbili wakati mwenzake inazimika alasiri. Kinachozitofautisha ni programu zilizokuja nazo kutoka kiwandani, ruhusa ambazo mwenye simu alizikubali bila kusoma, na nguvu ya mtandao pale anapoishi.

Kwa hiyo hapa simu zimepangwa kwa kigezo kimoja: ipi itakaa na chaji na kuyaacha mambo yako yawe yako. Kamera hatukuipa alama.

Kabla ya kununua chochote, ijaribu uliyonayo

Jaribio hili linachukua siku tatu na halina gharama. Usiku wa kwanza, ichaji mpaka 100, ichomoe saa tatu usiku, iache data ikiwa imewashwa na usiiguse. Saa kumi na moja alfajiri andika asilimia iliyobaki. Usiku wa pili fanya vilevile, ila zima data na uiache laini hewani. Usiku wa tatu iweke katika hali ya ndege. Simu nzima hupoteza asilimia 5 au pungufu kwa saa hizo nane.

Ikishuka vibaya usiku wa kwanza pekee, programu ndizo zinazokula. Ikishuka usiku wa kwanza na wa pili, kisha ikatulia katika hali ya ndege, mla chaji ni mtandao dhaifu: simu inayoshika kipande kimoja cha mtandao hulazimika kurusha mawimbi kwa nguvu zaidi ili iufikie mnara, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Ukiwa shambani Nanyamba au Tandahimba, simu mpya haitakuponya hapo. Weka laini ya mtandao unaoshika vizuri nyumbani kwako, na kama 4G inakuja na kupotea, ifunge simu kwenye 3G au 2G. Kwa walio karibu na mto Ruvuma, chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu itafute yenyewe, isije ikahangaika usiku kucha kati ya minara ya huku na ya Msumbiji.

Ikishuka hata katika hali ya ndege, hapo betri imechoka au kuna hitilafu ndani. Huyo ni mgonjwa wa fundi.

Programu ikiwa ndiyo mkosaji, fungua Mipangilio, kisha Betri, kisha matumizi ya betri. Tafuta programu iliyoonekana kwenye kioo kwa dakika chache lakini imefanya kazi chinichini kwa saa nyingi. Ibonyeze, iwekee vizuizi vya chinichini. WhatsApp usiiguse kwenye hatua hii, la sivyo ujumbe utakuwa unafika kwa kuchelewa. Na zile programu za "kusafisha simu" na "kuongeza kasi" zifute zote. Zinaua programu nyingine ambazo baada ya sekunde chache huamka tena, na kule kuamka upya kunakula chaji kuliko kama zingeachwa zilale.

1. Betri mpya kwenye simu yako

Kama simu ina Android 11 au zaidi na kioo ni kizima, hii ndiyo hela inayotumika vizuri kuliko zote. Betri ya lithiamu hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi ya kuchaji, na joto la pwani huharakisha uchakavu huo. Simu ya bodaboda iliyofungwa kwenye usukani juani kutwa nzima huzeesha betri mapema sana.

Namba ya modeli imeandikwa kwenye betri yenyewe. Za Tecno, Infinix na itel nyingi huanza na BL, za Samsung nyingi huanza na EB. Namba ya betri mpya ifanane na ya zamani herufi kwa herufi. Ukiletewa betri ya umbo lile lile iliyoandikwa mAh nyingi zaidi ya ile ya kiwandani, ikatae: nafasi ndani ya simu haijaongezeka, kilichoongezeka ni wino wa lebo. Fundi aing'oe ya zamani kwa kulainisha gundi, asiichokoe kwa bisibisi, kwa sababu betri ikitobolewa hushika moto. Ukae pale pale akifanya kazi, na usimwachie namba ya siri. Simu iliyokuwa inazuia maji, baada ya kufunguliwa ihesabu kuwa haizuii tena, jambo la kuzingatia kwa wavuvi wa Mikindani na Kilwa.

2. Samsung Galaxy A mpya, ya daraja la chini

Kinachoipandisha hapa ni miaka ya masasisho. Galaxy A16, iliyotoka 2024, imeahidiwa matoleo 6 ya Android na miaka 6 ya masasisho ya usalama. A15 iliahidiwa matoleo 4 na miaka 5. A06, ambayo ni ya bei ya chini zaidi, matoleo 2 na miaka 4.

Masasisho yanahusu moja kwa moja kero tunayoizungumzia. Android 10 ndiyo iliyoleta uwezo wa kuiambia programu ijue ulipo wakati unaitumia tu. Android 11 ikaleta ruhusa ya mara moja, na kuzifuta zenyewe ruhusa za programu usiyoitumia muda mrefu. Android 12 ikaleta alama ya kijani juu ya kioo kila kamera au maikrofoni inapotumika. Android 13 ikazilazimisha programu kuomba ruhusa kabla ya kukutumia arifa. Simu iliyoachwa na kiwanda kwenye toleo la zamani haipati kinga za namna hiyo zinazoongezwa baadaye.

Usichukue yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) chini ya GB 4. Unapoiwasha mara ya kwanza, soma kila ukurasa na uondoe tiki kwenye programu za washirika inazotaka kupakua. Halafu ingia Betri, vikomo vya matumizi ya chinichini, na uzitupe kwenye usingizi mzito programu zote unazozifungua mara moja kwa wiki. Dakika kumi hizo zina faida kubwa.

3. Pixel ya mtumba

Pixel ni simu ya Google. Programu zake ni safi kuliko za simu nyingine yoyote kwenye orodha hii, hakuna duka la pili la programu wala matangazo kwenye kioo. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu tatu: modemu (kifaa cha ndani kinachoshika mtandao) za Pixel 6 na 7 zinalalamikiwa sana kwa kupata moto na kula chaji penye mtandao dhaifu, vipuri vyake si vya kupatikana kwa kila fundi wa Masasi au Nachingwea, na betri inakuwa imeshatumika. Pixel 4a na 6a ziache kabisa. Mwaka 2025 Google yenyewe ilituma masasisho yaliyopunguza uwezo wa betri za modeli hizo kwa hofu ya kupata joto kupita kiasi. Kwa 6a yanaanza kufanya kazi baada ya mizunguko 400. Weka laini yako kabla ya kulipa, maana baadhi ya simu za mtumba zimefungwa kwa kampuni ya simu ya nchi zilikotoka.

4. Tecno, Infinix na itel mpya

Hizi ndizo wengi watanunua, na hakuna aibu. Betri kubwa, bei inavumilika, na fundi yeyote anazijua. Kero yake ni mzigo wa programu za kiwandani: duka la Palm Store, kivinjari cha Phoenix, michezo, habari, na matangazo yanayoibuka hata kabla hujafungua kioo. Kila moja inaomba arifa, inaomba kuonekana juu ya programu nyingine, na inaamka chinichini kwa bando lako. Redmi nazo zina tabia ya matangazo inayofanana na hii.

Ukinunua, tenga nusu saa ya kuisafisha siku hiyo hiyo. Shikilia alama ya programu, bonyeza herufi i, kisha ondoa. Isiyoondoka, izime. Isiyozimika, ifunge arifa, iwekee kizuizi cha betri na uizuie data ya chinichini. Baada ya hapo ingia sehemu ya ruhusa maalumu na uangalie mambo mawili. La kwanza ni nani ameruhusiwa kuonekana juu ya programu nyingine. Mara nyingi humo ndimo yanamotokea matangazo. La pili ni huduma za ufikivu. Programu yenye ruhusa ya ufikivu inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba yako, na hapo ndipo namba ya siri ya pesa za simu inapoponyoka. Kama huna tatizo la kuona au kusikia na hutumii kisoma kioo, sehemu hiyo iwe tupu.

5. iPhone ya mtumba

Kwa faragha iko vizuri. Tangu iOS 14.5 ya mwaka 2021 (iOS ndio mfumo wa iPhone) programu lazima ikuombe kabla ya kukufuatilia kwenye programu nyingine. Kwa chaji, hapana. iPhone 8 ina mAh 1821, XR 2942, iPhone 11 ina 3110, na hapo betri ikiwa mpya. XR na XS hazikupata iOS 26. Ukiamua, anzia iPhone 11, na uangalie afya ya betri kwenye mipangilio: chini ya 80, pigia hesabu bei ya betri nyingine.

6. Simu ya mkopo wa kulipa kidogo kidogo

Tunaiweka mwisho kwa sababu ya ruhusa tu. Ndani yake huwa kuna programu ya kufunga simu iliyopewa usimamizi wa kifaa kizima, na huwezi kuiondoa mpaka deni liishe. Ukichelewesha malipo, simu inafungwa, na kwa mtu anayefanya uwakala au anayepokea oda za samaki kwa simu hiyo, kazi inasimama. Anayeichukua asome mkataba unasema nini kuhusu taarifa zake, na akimaliza kulipa adai programu hiyo iondolewe mbele yake. Ukinunua ya mtumba, muuzaji airudishe kwenye hali ya kiwandani ukiwepo, iunganishwe intaneti, kisha muone kama inadai akaunti ya mwenye zamani au inatangaza deni. Ikidai chochote, rudisha.

Programu za mikopo hazina nafasi kwenye simu yoyote kati ya hizi

Programu ya tochi inayotaka majina ya watu wako ni kero. Programu ya mkopo inayotaka majina hayo ni hatari, kwa sababu ndiyo yatakayotumika kukudhalilisha kwa shangazi, kwa mwajiri na kwa imamu wako siku ukichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Google nayo tangu Mei 2023 imezikataza programu za mikopo za kwenye duka lake kugusa majina ya watu waliohifadhiwa kwenye simu na picha za mteja. Ndiyo maana nyingi sasa zinarushwa kwa kiungo cha WhatsApp au kwa Xender. Programu isiyotoka kwenye duka rasmi usiisakinishe, ikiwemo ile WhatsApp ya kughushi yenye marangi mengi. Aliyeshadhalilishwa ana pa kwenda: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeunda Tume inayopokea malalamiko.

Pawa benki

Iliyoandikwa mAh 10,000 inaipa simu kama 6000 tu, kwa sababu namba hiyo ni ya seli zenye volti 3.7 na simu inapewa volti 5, na njiani kuna joto linalopotea. Tegemea kuijaza simu ya 5000 mara moja na kidogo. Iweke kwenye mzani wa dukani: ya 10,000 ya kweli huwa na gramu 180 hadi 250. Iliyoandikwa 20,000 na haifiki gramu 300 ni ya kughushi. Seli moja ya duara, kubwa kama kidole gumba, haizidi mAh 3500 na ina gramu 45 hadi 50, kwa hiyo ya 10,000 inayotumia seli za namna hiyo lazima iwe nazo tatu au zaidi.

Ukiwa kaunta

Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niweke laini yangu kwanza." Piga *#06#, hakikisha namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, inafanana na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, jibu litakutajia aina na modeli ya simu. Likitaja modeli nyingine, simu ni ya kughushi. Angalia toleo la Android na tarehe ya mwisho ya sasisho la usalama. Chomeka chaja ya dukani uone kama tundu linashika, hasa kwa mtumba wa pwani ambao chumvi imeshaweka kutu. Risiti iandikwe IMEI na muda wa waranti, na umuulize waranti inapokelewa hapa hapa au simu itapakiwa kwenye basi kwenda Dar, ni wiki ngapi, na nauli ya kifurushi analipa nani.